Mahali Alipoanguka Mfalme

Mlimani,
Jumapili, 3 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata Alhamisi kwa dereva wa basi la wageni. Aliiweka ndani ya mfuko wa miwani yake isilowe, Mungu ambariki. Huku mtandao bado hakuna. Ule mnara tulioahidiwa umebaki msingi wa zege, mbuzi ndio wanaoutumia kuotea jua.

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto. Ukiona wino umesambaa si machozi, ni beseni.

Unauliza kazi. Kazi ni ileile, ila mimi si yuleyule. Asubuhi napokea wageni kumi na wawili, jioni narudisha kumi na wawili, na katikati nasema maneno yaleyale mbele ya mawe yaleyale. Nilidhani watu wataichoka ile filamu iliyopigwa huku kabla sijachoka mimi. Wapi. Kila mwaka wanakuja wapya, wengine hawakuwa wamezaliwa ilipopigwa. Jana alikuja daktari wa meno, mtu mzima na heshima zake, kavaa joho la manyoya ya bandia na upanga wa plastiki kiunoni. Jua likampiga, akashikwa na kizunguzungu. Joho nikalibeba mimi kilomita tatu, na upanga pia, na wenzake wakanipiga picha.

Tukifika pangoni nawaambia kwamba joka lilikuwa mpira wa tenisi kwenye ncha ya mti mrefu, na waigizaji waliambiwa wautazame kwa hofu. Wananiangalia kana kwamba nimewatukana. Sijui kwa nini naendelea kuwaambia.

Chiriku wetu hajambo? Bado anaongea mpaka anaishiwa pumzi? Mwambie shangazi yake anamwazia. Mwambie asome kwa bidii, asije akaishia kwenye kazi ya kutembea.

Magoti yananiuma, lakini hiyo si habari.

Wifi yako wa mlimani


Mjini,
Jumamosi, 16 Machi

Wifi,

Niko kwenye mapumziko ya mchana, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, nimekalia furushi la shuka. Mashine mbili kati ya nne zimekufa, kwa hiyo tunakamua kwa mikono. Mwandiko ukiwa mbaya ni vidole hivyo.

Chiriku kaiona filamu. Miaka yote nilikuwa namkwepesha, si kwa ubaya, sikuwa tu na nguvu ya kukaa naye na kuitazama. Kaiona kwa rafiki yake. Akaja nyumbani, akaweka begi chini, akaniuliza, "Mama, pale mwisho mfalme anapopita juu kwenye ukingo wa mlima, yule ni nani?" Nikamwambia ni mwigizaji. Akasema, "Mwigizaji anatembea kwa kuburuza. Yule anarusha mguu wa kushoto, kama mimi."

Basi nimemwambia yote. Kwamba baba yake alikuwa mbebaji wa mizigo ya wapiga filamu. Kwamba walimvika nguo za mfalme atembee ule ukingo kwa sababu mwigizaji wao aliogopa mahali pa juu. Na kwamba siku hiyohiyo alianguka akafa, yeye Chiriku akiwa tumboni. Hakulia. Aliuliza tu ni wapi.

Nataka kumleta Agosti, shule zikifungwa. Umpeleke pale uliponipeleka mimi, pale nilipopanga mawe yangu saba. Sijarudi tangu siku ile na nilidhani sitarudi, lakini mtoto ana haki ya kusimama mahali alipoishia baba yake. Likizo nimeshaomba. Hatutakusumbua, tutalala kwenye nyumba ya wageni.

Kengele imelia.

Wifi yako


Mlimani,
Jumapili, 31 Machi

Wifi yangu,

Nikikukataza utasema nina roho mbaya, kwa hiyo sikukatazi, naeleza tu. Agosti ni mwezi wa ukungu. Unaweza kukaa siku tatu usione hata vidole vya miguu yako. Barabara imemeguka sehemu mbili. Nyumba ya wageni ina kunguni, na mwenye nyumba anasema wameletwa na wageni, wageni wanasema wamewakuta.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie kabla hujalikuta. Yale mawe yako saba si saba tena. Mwaka filamu ilipotoka, dereva wa wakati ule aliyaona, akawaambia abiria wake kwamba hapo ndipo alipoanguka mfalme. Mfalme wa kwenye filamu, namaanisha. Kwenye filamu mfalme haanguki, anaingia tu kwenye ukungu, lakini wageni walipenda. Kila mmoja akaongeza jiwe. Sasa ni lundo linalonifika kifuani, na ofisi ya utalii imeweka kibao. Kila siku nasimama pale nasema, "Hapa ndipo alipoanguka mfalme." Wanavua kofia. Kisha wanapiga picha wakicheka.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Ningewazuia mwanzoni, sikuwazuia, na baadaye ikawa ndiyo kazi inayonilisha. Sasa fikiria mtoto afike hapo akute watu wazima wamevaa mataji ya karatasi.

Kwa nini msingoje mwaka kesho? Labda lundo litakuwa limebomoka.

Wifi yako wa mlimani


Mjini,
Jumamosi, 13 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikachoka. Nimepiga hesabu, watu elfu ngapi sijui wamemwekea mume wangu jiwe bila kumjua. Wengine hawapati hata kumi. Nimeamua si vibaya. Ungeniambia mapema, basi.

Kunguni tunawajua, hata mjini wapo. Tunakuja.

Chiriku ana swali, anasema ni lako na si langu. Nimempa nusu hii ya karatasi.

Wifi yako

Shangazi, shikamoo. Usicheke. Nilisimamisha filamu pale baba anapotembea, nikaweka karatasi nyembamba juu ya kioo, nikachora vilele vilivyo nyuma yake. Viko vitatu, na cha kushoto kimepasuka juu kama jino bovu. Halafu nikachukua ile picha uliyompiga mama akiwa na mimba, amesimama pembeni ya mawe saba. Nyuma yake kuna vilele viwili, na vyote vizima. Nimegeuza karatasi pande zote, nimeigeuza hata chini juu. Havilingani. Mama anasema ulimwambia baba alianguka palepale alipokuwa akitembea. Sasa picha ni ya wapi? Nina maswali mengine kumi na moja lakini karatasi imekwisha. Chiriku.


Mlimani,
Jumapili, 28 Aprili

Wifi yangu,

Mwambie Chiriku marahaba, na mwambie ana akili kuliko ukoo mzima. Ila mwambie pia kwamba mlima ukipigwa na kamera kubwa hubadilika. Wale watu wana vioo vya kusogeza vitu, wanaweza kukuletea kilele kutoka bonde la tatu wakakiweka nyuma ya mtu. Ndiyo maana

Jumanne, 7 Mei

Hapo juu niliandika uongo, nikaukatiza katikati. Sijauchana, nimeuacha uuone.

Chiriku yuko sahihi. Picha ni ya mahali pengine.

Kaka yangu alianguka juu, kwenye ukingo wenyewe, masaa manne kwa miguu kutoka barabarani. Ulipokuja, siku ya tatu baada ya msiba, ulikuwa na tumbo la miezi saba na viatu vya kazini, na ulisema huondoki mpaka upaone. Nikakupeleka hatua mia mbili tu kutoka barabarani, nikanyoosha kidole. Ukapanga mawe. Mimi nilikushikia mkoba.

Nilijiambia nakuhurumia, na kweli nilikuhurumia. Lakini siyo hiyo tu. Kule juu ungeniuliza: kazi ilikuwa imekwisha, watu wote wameshashuka, yeye alirudi kufuata nini? Nilikuambia wakati ule nilikuwa kambini nachemsha chai. Sikuwa kambini, wifi. Nilikuwa naye.

Sanduku la vioo vya kamera lilikuwa mzigo wangu. Nililisahau kule juu. Tulikuwa tumeshuka kama nusu saa nilipokumbuka, na msimamizi akaniambia nirudi. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, viatu nimevua, malengelenge yamepasuka. Nikasema siwezi, nimechoka. Kaka akaenda. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Ningeenda mimi labda ningerudi salama, labda ningeanguka mimi. Nimelipima jambo hili miaka kumi na minne na sijapata jibu.

Chiriku ndiye damu pekee iliyonibakia. Naogopa ukishasoma hapa hutamleta, na mimi sitamwona tena. Nimeogopa hivyo tangu alipozaliwa, na ndiyo maana sikusema. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu nimeitembea mara mbili kwa siku, mvua na jua, na haijaisha.

Sina la kuongeza.

Wifi yako


Mlimani,
Jumapili, 23 Juni

Wifi yangu,

Dereva amekuja Alhamisi sita mikono mitupu. Ameanza kunipungia kwa mbali kabla hajasimama, nisije nikatoka na matumaini.

Sikuombi ujibu. Nauliza tu kama barua ilifika, maana huenda ilipotea, na kama ilipotea itabidi niiandike tena, na sijui kama nina nguvu hiyo.

Kama mtoto ni mgonjwa, niambie hilo peke yake.

Wifi yako


Mjini,
Jumamosi, 6 Julai

Barua ilifika. Mtoto ni mzima.

Tutafika Jumatatu, tarehe 12 Agosti, kwa basi la asubuhi. Tutapanda kule juu kwenyewe, hayo masaa manne. Viatu nimenunua. Njiani usituambie chochote, hata jina la ua.


Mjini,
Jumamosi, 24 Agosti

Wifi,

Tulirudi salama. Chiriku ana lengelenge kila kisigino na anawaonyesha majirani.

Kule juu sikukuambia kitu kwa sababu sikuwa nacho. Nilibeba leso tatu. Nilidhani nitalia, nikakuta upepo na nyasi fupi, na vilele vitatu, na kimoja kimepasuka kama mtoto alivyochora. Nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Nilikuona ulivyokaa mbali, umetugeuzia mgongo. Nilikuona pia Chiriku alipoanza kutembea ule ukingo, ulivyoruka ukasimama kati yake na bonde, ukatembea kiubavu kila hatua, na magoti yako hayo. Mimi mama yake nilikuwa nimeganda. Hilo nimeliona na nimeliweka.

Sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Siku nyingine naamka nimekusamehe, nikifika kazini nimekasirika upya. Habari ya sanduku sikulaumu. Mtu huchoka. Mimi nachoka kila siku, na nimeshawaachia wenzangu mizigo yangu mara nyingi, ni vile tu hakuna aliyekufa. Hata kunipeleka mahali pa uongo naweza kukuelewa nikijilazimisha, kwa lile tumbo nililokuwa nalo.

Kinachoniuma ni hiki. Uliniambia hukuwepo. Kwa hiyo sikukuuliza. Miaka kumi na minne nimebaki najiuliza peke yangu alisema nini mara ya mwisho, nikajipa moyo kwamba hakukuwa na mtu wa kumsikia, basi, yameenda na upepo. Kumbe msikiaji yupo, ananiandikia habari za magoti kila mwezi. Mume wangu alikuwa na maneno ya mwisho na wewe umeyakalia.

Sitaki pole. Alisema nini alipoondoka? Niandikie yote kama yalivyokuwa, usiongeze chumvi. Kama huwezi, usiniandikie tena, na mtoto utamwona akishakuwa mtu mzima wa kujiamulia.

Wifi yako


Mlimani,
Jumapili, 1 Septemba

Wifi yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu za kwanza nilimfanya aseme jambo zuri, nikazichana.

Kwanza nikuambie jingine nipate pumzi. Jumatano niliwaambia wageni pale kwenye lundo kwamba hapa hakuanguka mtu yeyote. Nikawaambia mawe saba ya chini kabisa yaliwekwa na mjane aliyedanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Kisha mama mmoja akauliza kama bado anaweza kuweka lake. Nikamwambia aweke. Ofisi imeniita Ijumaa ijayo. Watakaloamua waamue, mimi yale maneno sisemi tena.

Sasa kaka.

Nilipokataa kurudi, hakunigombeza. Aliuliza sanduku liko upande gani. Nikamwambia karibu na jiwe jeusi. Akasema, "Jeusi lipi? Yote meusi." Nikamwambia lile kubwa. Akakaa, akavua kiatu, akakung'uta kokoto, akavaa. Akaomba glavu zangu maana zake zimelowa. Akavaa ya kushoto, ya kulia haikumwingia, akanirudishia. Akasema, "Una vidole kama vya mtoto." Nikamwambia aharakishe, chai yake kambini itapoa. Akasema, "Basi ninywee." Akaenda. Hakugeuka.

Ndiyo hayo, wifi. Hakukutaja. Hakumtaja mtoto. Nimekaa na haya maneno miaka yote na sehemu ya kutokusema ilikuwa hiyo, kwamba hata ningesema, nisingekuwa na kitu cha kukupa. Mwanamke anangoja neno la mumewe, nimpelekee chai na glavu?

Ningeweza kuandika kwamba alikutaja. Ungeamini, na pengine ungepumzika. Lakini nilishakupa mahali pasipo pake. Siwezi kukupa na maneno yasiyo yake.

Chai yake niliinywa. Hilo nalo ulijue.

Wifi yako


Mjini,
Jumamosi, 14 Septemba

Wifi,

Barua yako nimeisomea kwenye meza ya kupigia pasi, nimesimama, pasi iko pembeni inapoa.

"Basi ninywee." Ndiye. Ndiye kabisa. Nimemsikia na sauti yake. Ungeniandikia kwamba alinitaja ningeichana karatasi hapohapo, maana mume wangu hakuwa mtu wa kuaga. Miaka mitatu ya ndoa aliondoka kila asubuhi kama mtu anayekwenda uani. Siku alipokuja huko kwenu kwa kazi ile, nilikuwa katikati ya kumwambia kitu, sentensi nikaimalizia na mlango. Nilimnunia wiki mbili. Halafu akafa, nikajishawishi kwamba safari ile moja, ya mwisho, lazima alisema jambo, na mimi nimelikosa. Nimeliombolezea hilo neno kuliko hata yeye. Kumbe hakuna nilichokosa. Alikuwa vilevile mpaka mwisho.

Nimecheka, wifi. Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nina nini. Halafu nikalia kwenye shuka safi, ikabidi nizirudishe kufuliwa. Leso zote tatu zilikuwa nyumbani.

Nimemsomea Chiriku. Ametaka kujua ni glavu za rangi gani, sanduku lilipatikana au la, na chai ilikuwa na maziwa au haina. Nimemwambia mimi sikuwepo, ana shangazi aliyekuwepo, amuulize.

Shule zitafungwa Desemba. Atakuja kwako peke yake, wiki mbili. Dereva wa basi nimeshaongea naye. Anataka kupanda tena ule ukingo, mimi sina likizo iliyobaki. Mpeleke wewe.

Wifi yako